Mkaja wa Gari la Idarusi

Asmahani binti Jumbe wa Mabawa hakuwapenda watu, wala hakuona sababu ya kuficha. Jirani akimletea wali, atauonja kwa ncha ya ulimi, kisha aulize kama kuna mgonjwa ndani ya nyumba. Mwanamume akipita na kanzu mpya, atamkodolea macho mpaka mwenyewe aanze kujikagua kama ana doa. Mjini Tanga, miaka ile ya hamsini, ulimi huo ulikuwa na kazi yake, maana ndiye aliyekuwa mtunzi wa nyimbo wa Mahabubu, kundi la wanawake wa ngoma ya lelemama, na wimbo wake ukitoka harusini leo, kesho umeshafika sokoni. Wanawake walimchekea kwa kumwogopa, naye, kwa ujinga wake, akadhani wanampenda.

Mtu ambaye Asmahani alimdharau kuliko wote alikuwa Idarusi, mume wa bintiye Sabiha.

Idarusi alikuwa dereva, tena dereva wa kasi. Alikuwa na lori dogo la kubeba abiria, lililotiwa injini kubwa ya silinda nane, iliyong'olewa kwenye gari la jeshi baada ya vita. Likinguruma Nguvumali, watu hukatiza maneno mpaka lipite. Barabara ya Muheza hakuna basi lililowahi kumwacha. Ungedhani mama mkwe angejivunia mkwe wa namna hiyo. Thubutu! Asmahani alikuwa amesikia habari za chuma kilichofungwa chini ya gari lile.

Chuma chenyewe kilikuwa hivi. Chini ya gari kuna propela, bomba refu linalochukua nguvu kutoka kwenye gia mbele na kuipeleka kwenye magurudumu ya nyuma, nalo huzunguka muda wote gari linapokwenda. Limeshikwa kwa jointi huku na huku. Fundi Asheri, Mbondei mwenye gereji yake Ngamiani, alimwambia Idarusi kwamba propela ile ilitengenezewa injini ndogo. Siku jointi ya mbele ikikatika, alisema, bomba litaanguka lichimbe barabara na kuliinua gari zima, au litapasua sakafu na kuwaingilia waliokaa mbele. Akamfungia duara la chuma bapa kuizunguka propela, ili ikikatika idakwe palepale. Idarusi alikubali bila kubisha, maana Sabiha alizoea kukaa mbele pamoja naye, na Idarusi alimpenda mkewe.

Madereva wenzake walikuwa wakifunga hirizi chini ya magari yao na kuendesha kama walevi, halafu wakajiona ndio wenye akili. Walichungulia lile duara wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akasema gari la Idarusi limefungwa mkaja, ile nguo ya kukaza tumbo la mwanamke aliyetoka kujifungua. Maneno yakamfikia Asmahani akichagua mchele. Akauacha mchele.

Kwa desturi, mama mkwe hamtusi mkwewe. Wakikutana njiani Asmahani huvuta kanga usoni, Idarusi huinamisha kichwa, shikamoo mama, marahaba mwanangu, kila mtu akashika njia yake. Lakini ngomani hakuna mkwe. Lisilosemeka uani husemwa kwa wimbo, jina la mtu lisitajwe, na aliyeguswa haruhusiwi kukasirika. Basi katika harusi moja ya Nguvumali, Asmahani akatoka mbele ya safu, akajitengeneza kanga begani, akaimba:

Gari limejifungua, tumbo lafungwa mkaja,
Likorogeeni uji, wa manga ndio wa haja,
Dereva kakaa ndani, arobaini angoja.

Vigelegele vikatanda. Haikupita muda, stendi nzima ikawa inaimba. Abiria wakawa wanapanda huku wakimuuliza Idarusi mtoto ni wa kike au wa kiume. Watu wazima, wenye ndevu zao! Idarusi alivumilia, akavumilia tena, kisha akalala chini ya gari na spana, akakifungua kile chuma na kukitupa nyuma ya choo. Injini ya silinda nane, na moyo wa kifaranga.

Sabiha alikwenda Mabawa siku ileile, hajafunga hata ushungi sawasawa.

"Mama, mume wangu kakifungua kile chuma."

"Alhamdulillahi," Asmahani alisema. "Kumbe mwanamume."

"Fundi Asheri kanambia kwa mdomo wake, ile jointi yalia tayari. Na mie nakaa papo hapo juu yake."

"Si ukakae nyuma?"

"Nikikaa nyuma watu watasema hata mkewe hamwamini. Mama, wewe ndiye uliyeimba. Tia beti moja ya kumsifu, au mtumie mtu amwambie ulikuwa mzaha tu. Akisikia limetoka kwako, atakirudisha leo hii. Nakuomba, mama."

Asmahani alimtazama bintiye juu mpaka chini. Moyoni alijua kwamba neno moja lingetosha, na kwamba halikuwa neno gumu. Lakini wanawake wa Mahabubu wangesemaje?

"Nilambe matapishi yangu kwa ajili ya kipande cha chuma?" alisema. "Mie, Asmahani binti Jumbe?"

Sabiha alifuta macho kwa pindo la kanga, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Mwezi ule Mahabubu walialikwa Muheza kushindana na kundi jingine la Tanga. Wakakodi gari la Idarusi, kwa kuwa walitaka kuwahi kufika na kuonekana wamewahi. Wakajaa nyuma, wananukia asumini. Kiti cha mbele ni cha mtunzi, lakini Asmahani asingeweza kukaa bega kwa bega na mkwewe, kwa hiyo akapanda nyuma na wenzake, na mbele akakaa Sabiha.

Walipoipita Pongwe, lori la wapinzani likawatokea ubavuni na kuwapita, wanawake wake wakiwazomea na kuwapungia leso. Asmahani akapiga bodi kwa viganja, akapaza sauti ileile ya ngomani ili asikike mbele.

"Jamani, humo ndani mna dereva au mna mzazi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Idarusi alisikia. Kilima kilikuwa kimeanza na gari lilikuwa limeshiba watu. Akashusha gia, akaachia klachi kwa hasira, akakanyaga mafuta mpaka mwisho, na chini kukalia kishindo. Jointi ya mbele ilikuwa imekatika. Bomba lilianguka kwa mbele, lakini nyuma lilikuwa bado linazungushwa na magurudumu, likawa linapiga mbao za sakafu kwa nguvu zote mpaka likazipasua na kupenya ndani. Idarusi alining'inia kwenye breki, gari likaenda upande na kusimama majanini. Nyuma hakuna aliyechubuka. Mbele Sabiha hakupiga kelele, na hapo ndipo Asmahani aliporuka chini na kukimbilia mbele.

Hospitalini walimkata Sabiha mguu chini ya goti. Wanawake wa Mahabubu walikuja kumtazama kwa makundi, nyuso zimewashuka, na huko ukumbini wakawa wananong'onezana kwamba wao wimbo ule hawakuupenda tangu mwanzo. Wanafiki wakubwa.

Asmahani alikuja na beseni na kanga safi. Idarusi, aliyekuwa ameketi sakafuni karibu na kitanda, aliinuka na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

Asmahani alisubiri amtukane. Alitamani atukanwe, kwa kuwa matusi aliyajua na angejua la kujibu. Idarusi akajisogeza kumpisha. Asmahani akageukia kitandani.

"Mwanangu, nimekuja kukuogesha."

Sabiha alimtazama. Hakuwa na hasira. Alimtazama mamaye kama mtu anavyotazama chombo kilichotoboka, akifikiria tu mahali pa kukiweka. Kisha akamgeukia mumewe.

"Mwambie huyu mama, mie ninaye wa kuniogesha."

Asmahani alikuwa amesimama karibu kabisa na kitanda, kila neno alilisikia. Hata hivyo Idarusi, macho chini, akamfikishia kwa heshima zote.

"Mama, anasema anaye wa kumwogesha."