Karatasi Mdomoni mwa Dada

Watu wakiniambia vijana hawana adabu, nanyamaza. Adabu ninayo mimi, tele, na hakuna kitu kilichonigharimu kama hiyo. Dada yangu hakuwa nayo, na ndiyo maana nina mahali pa kulala.

Tulikuwa tukiishi Bahati, kwenye shamba ambalo baba alimkamulia mzungu ng'ombe miaka yote. Baada ya uhuru wafanyakazi walichanga, wakalinunua, wakalikata vipande. Baba akafa kabla vipande havijagawanywa. Mama ndiye aliyemalizia hisa yake kwa kuchuma maua ya pareto mpaka vidole vikapasuka.

Kila kipande kilikuwa na nambari, na nambari ziliandikwa kwenye vikaratasi, vikakunjwa na kutiwa ndani ya debe. Mwanamume wa kila nyumba alitumbukiza mkono, akamsomea karani nambari, na jina lake likaingia kitabuni. Wanawake walikaa kwenye nyasi wakitazama. Sisi tusio na mwanamume, kamati ilisema baba mdogo atatutolea. Huyo baba mdogo hakuwahi kutuchumia hata ua moja. Mama alijua vizuri ni jina la nani lingeandikwa, na bado akainamisha kichwa akasema sawa. Mimi nikainamisha changu.

Dada, miaka kumi na saba, akainuka. Akapita katikati ya wanaume, akatumbukiza mkono kwenye debe, akatoa karatasi. Baba mdogo alipomshika mkono amnyang'anye, yeye akaitia karatasi mdomoni, akafumba.

Ai, siku hiyo tulikiona! Wazee walimfokea, mwenyekiti akatishia kutufukuza shambani sote. Yeye amesimama tu, mashavu yamevimba, machozi yanamtoka, kidole amemnyooshea mama. Bila nambari ile hawangeendelea. Mwishowe karani, amechoka na jua, akaandika jina la mama, akageuza kitabu dada asome mwenyewe. Ndipo dada akafungua mdomo. Ilikuwa arobaini na moja, imelowa lakini inasomeka.

Tulipata shamba, tukakosa amani. Baba mdogo aliapa hatakanyaga kwetu msichana yule akiwepo, na majirani wakaacha kumsalimia mama kanisani. Mama akashindwa kuvumilia. Akampeleka dada Rongai kwa shangazi, ati miezi miwili tu, mambo yapoe.

Mambo hayakupoa. Dada alituandikia barua, na kwa vile mama hakujua kusoma, mimi ndiye niliyemsomea. Kila barua iliishia na swali lile lile: muulize mama nirudi lini. Swali hilo sikulisoma hata mara moja. Nilimwogopa baba mdogo, niliogopa kelele, nikajidanganya kwamba ninamkinga mama asilie. Nilisoma salamu, nikasoma habari za mvua na mahindi, nikakunja karatasi.

Mwaka wa tatu homa ya mapafu ilimshika dada, na haikumwachia. Tulipofika Rongai walikuwa wamekwisha kumzika. Udongo ulikuwa bado mbichi, na mama aliukalia mpaka shangazi akamwinua. Hapo ndipo ningesema. Sikusema.

Baadaye kamati iligawa upande wa juu wa lile shamba la mzungu. Mwenyekiti yule yule aliita wajane wapange laini mbele ya debe, na hakuna aliyebisha. Walitoa karatasi kwa mikono yao, mmoja mmoja, majina yao yakaandikwa, kana kwamba ilikuwa hivyo tangu zamani. Nilitamani kusimama niwaambie ni nani aliyetukanwa ili wao wapangiwe laini. Lakini mimi sijui kusimama. Inaniuma mpaka leo.

Mama alikuwa amekaa kando yangu kwenye nyasi. Aliwatazama mpaka wa mwisho, kisha akasema polepole, "Mtoto yule alinikasirikia sana. Miaka yote ile hakuuliza hata mara moja kama anaweza kurudi."

Barua zake zote zilikuwa nyumbani, kwenye sanduku langu, chini ya nguo. Nikainamisha kichwa.

"Ndiyo, mama," nikasema.