Nilificha Ngwara za Mama Kwenye Pindo la Koti

Kosa ni langu, sina wa kumsukumia. Si shetani, si serikali, wala yule mbwa. Nimelibeba peke yangu mpaka limenichosha, na kwa kuwa hapa hamnioni uso, leo nalitua.

Mimi ni kifungua mimba katika nyumba ya watoto wanne, huku Karatu. Wazazi walipofariki niliacha shule ya msingi nikashika jembe. Masika nalima shamba letu la Kansay, kiangazi nashuka kreta ya Ngorongoro na vibarua wenzangu kung'oa magugu ya kigeni yanayoharibu malisho ya nyati na pundamilia. Kwa kazi hizo wadogo zangu walisoma.

Emanueli, anayenifuata, alisomea mimea hadi akapata kazi visiwa vya Galapagosi, mbali kabisa katikati ya bahari. Ni visiwa vilivyotapikwa na volkano, vina kobe wakubwa kama ndama na mijusi inayoogelea baharini. Na kazi yake huko? Kung'oa magugu ya kigeni! Nilicheka nikamwambia amesoma miaka yote hiyo ili aje arithi kibarua cha dada yake.

Mwaka jana akanikatia tiketi nikamtembelee, nikawaone na hao kobe. Akanipigia simu kunionya nisibebe mbegu, tunda wala jani. Alirudia mpaka nikachoka. Nikamjibu, "Sawa baba, nimesikia," kwa sauti ile ile niliyombembeleza nayo akiwa mdogo.

Sasa jamani, nani huku kwetu anakwenda kwa ndugu yake mikono mitupu? Marehemu mama alituachia mbegu ya ngwara, maharage yetu ya huku, na kila msimu tunapanda, tunavuna, tunaitunza. Nikaona mtoto anakula vya makopo ugenini. Nikampandie mstari mmoja tu nyuma ya nyumba, kosa liko wapi?

Nikafumua pindo la koti langu la baridi, nikamimina ngwara, nikashona. Nilijiona mjanja! Mimi ambaye nikikuta gugu geni kreta namlaani aliyelileta na kizazi chake. Lakini hayo ni magugu. Hizi zilikuwa ngwara za mama.

Kwenye ukaguzi wa mwisho kule kisiwani, joto linanichemsha, wenzangu wote wako na fulana, mimi nimejifunga koti mpaka shingoni. Mbwa wa wakaguzi akapita akinusa watu mstarini. Alipofika kwangu akaketi, akanitazama kama aliyekutana na jamaa yake wa siku nyingi. Nikampapasa kichwa. Nilidhani amenipenda!

Koti likavuliwa. Mkaguzi, mama wa makamo, akauliza kitu kwa lugha yao. Emanueli alikuwa akinisubiri upande wa pili wa kizuizi, wakamwita aje atafsiri. Alikuja akitabasamu, akaminya lile pindo kwa vidole viwili. Mtu wa Kansay hahitaji kufumua ili ajue kilichomo. Tabasamu likaisha.

"Dada, anauliza hiki ni nini."

"Mwambie ni vitu vya kutia uzito, koti lisipeperuke."

"Huyu mama ananifahamu. Tunafanya kazi pamoja, na mimi ndiye niliyekudhamini."

"Basi ndiyo vizuri. Atakuamini."

Tangu azaliwe, Emanueli alikuwa hajawahi kunikatalia jambo. Akanigeuzia mgongo, akamwambia yule mama maneno machache, na mkasi ukaletwa.

Ngwara zilipelekwa kuchomwa moto. Mimi niliruhusiwa kukaa nyumbani kwa Emanueli hadi ndege yangu ya kurudi, nisitie mguu hifadhini waliko kobe. Lakini hayo yangekuwa yangu tu, ningeyameza. Emanueli alikuwa amechaguliwa kwenda na wenzake kisiwa cha mbali, kisichokaliwa na watu, chenye kobe wasiopatikana kwingine popote duniani. Safari hiyo aliisubiri tangu alipofika. Wakubwa wake wakamwondoa. Kisiwa kama kile, walisema, hawawezi kumkabidhi mtu ambaye mgeni wake mwenyewe ameingiza mbegu.

Hakunifokea. Alipika, akaniwekea chakula, akanikaribisha. Heri angenifokea!

Nimesafiri mbali kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu, na mnyama niliyemwona vizuri ni mbwa. Majirani wakiniuliza habari za kobe, nawaambia ni wakubwa. Wakiniuliza wakubwa kiasi gani, nakumbuka nimeacha sufuria jikoni.

Siku ya kuondoka nilimuuliza kwa nini hakunisitiri, mimi niliyemlea.

"Dada, msimamizi wako kule kreta akikwambia usibebe mbegu, unabeba?"

Nikasema sibebi.

"Mimi nilikuwa msimamizi, Dada."

Ninyi mliolea wadogo zenu, nisikilizeni mimi niliyekwisha kuumbuka. Mtoto uliyemlisha akikua akakueleza jambo la kazi yake, msikilize kama unavyomsikiliza anayekuajiri. Usimwitikie kwa kumbembeleza huku mkono umeshika sindano.

Emanueli bado anapiga simu, na salamu zangu ananipa. Ila likija jambo la maana, anaomba azungumze na mdogo wetu wa mwisho, kisha anamwambia ahakikishe Dada ameelewa.