Isale la Rangi

Mume wangu Rogath anaandika mabango ya mabucha na saluni mjini Moshi, na ni mbishi kuliko wote hapa Mwika. Tangu agombane na kaka yake Sirili kuhusu mpaka wa vihamba vyao, mashamba ya migomba ya urithi, hawasalimiani. Nimechoka. Binti yetu Gladness anapata kipaimara Jumapili, na bila baba yake mkubwa sherehe itakuwa aibu tupu.

Kwetu Wachagga njia ipo. Unampelekea uliyemkosea jani la isale, naye hawezi kukataa kukusamehe. Masale yenyewe ndiyo yaliyopandwa mpakani hapo wanapopagombania. Nikimwambia Rogath akachume jani moja avuke nalo, anasema ana kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mama mmoja wa Denmaki anayeishi Kibosho. Alimpa kadi yenye picha iliyochorwa kwao karne ya kumi na tisa, amchoree kubwa ya kutundika ukutani. Ni usiku wa mbalamwezi, mwezi umejificha nusu winguni, na mtu amesimama mbele ya nyumba, ametupa mgongo. Mkononi ana kitu cheusi kisichoeleweka. Rogath alikihangaikia wiki nzima, mwisho akakipaka kijani.

"Ni isale," akasema. "Mtu haendi kwa watu usiku hivyo bila sababu. Amekuja kuomba radhi."

Nilitamani kumpiga na brashi. Ya Mzungu wa kwenye picha anayaelewa, ya ndugu yake hayaoni.

Yule mama aliikataa. Alisema picha ile inapendwa kwa kuwa hakuna anayejua mtu yule amefuata nini. Rogath akarudi nayo amenuna.

"Mpelekee Sirili," akaniambia asubuhi. "Ataelewa."

"Si uende mwenyewe?"

Akavaa koti, akashuka mjini. Basi nikaibeba, nikavuka masale. Sirili alikuwa anawakatia ng'ombe majani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Mama Gladness. Umebeba nini?"

"Isale, kutoka kwa mdogo wako."

Akaiegemeza kwenye mgomba, akaitazama mpaka nikaanza kupata matumaini.

"Amechora vizuri," akasema. "Ila huyu ametupa mgongo. Isale lake anampelekea mwenye nyumba ile, siyo mimi. Rogath mwenyewe yuko wapi?"

Nikasema ukweli, kwamba yuko mjini anaandika bango la bucha. Sirili akanipa mkungu wa ndizi za sherehe. Hakusema kama atakuja.