Niliambiwa Nina Alama Mbaya

"Hii alama umeniwekea ya nini mlangoni kwangu?"

"Punguza sauti, shoga. Watu wanapita."

"Wapite, wasikie. Nauliza, hii chaki ni ya nini?"

Fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, kasimama na futi yake shingoni, ananitazama kama anayemtazama mgonjwa. Mimi nafuta mlango kwa kitambaa kibichi.

Usinicheke kwanza. Ngoja nikupe mkasa.

Mimi ni msusi. Nasukia sebuleni, na siku zote pamejaa: wa kusukwa mmoja, wa kupiga soga sita.

Miaka ya nyuma nilikopa, biashara ikanigeuka, nikashindwa kurejesha. Tukakaa na wakopeshaji, tukaandikishana makubaliano: nilipe kidogo kidogo, na wao waache kunifukuza. Nikalipa mpaka senti ya mwisho. Wakaniambia, "Umemaliza, mama."

Nikajua yameisha.

Juzi juzi nikaenda sehemu nyingine kuomba mkopo mdogo, nipate chumba cha saluni barabarani. Mwenye chumba alishaniambia, akitokea mwingine anampa.

Binti wa dirishani akabofya kompyuta. Uso ukambadilika.

"Dada, samahani. Una alama mbaya."

"Alama? Iko wapi?"

"Huku inaonekana. Tena ni ya siku nyingi."

Akamwita mwenzake aje kuiona. Mimi nikachukua mkoba wangu, nikatoka. Sikusubiri.

Nyumbani nikajitazama kwenye vioo vyangu viwili, cha mbele na cha nyuma. Mgongo, kwapa, nyuma ya masikio. Hamna kitu.

Nikamwomba mteja anichungulie kisogoni.

"Kuna nini?"

"We angalia tu."

Akasema haoni kitu. Hakurudi tena.

Muuza friji naye akanikatalia kulipa kwa awamu. Aliingiza jina langu kwenye simu, akasoma, akanirudishia kitambulisho bila kunitazama usoni. Nikasema moyoni, na huyu ameiona.

Basi kila kitu kikaota macho. Nikipita, naona watu wananyamaza. Sebule ikaanza kupwaya. Vioo nikavifunika kanga.

Ndipo asubuhi hiyo nikakuta mistari ya chaki mlangoni. Na mtaa huu mwenye chaki ni fundi peke yake.

"Nilikuwa napima pazia," fundi akasema taratibu. "La saluni yako. Mlango wa kule umelingana na huu. Nilitaka nikushtukize."

Nikakaa pale pale kizingitini. Nikamwaga yote, mpaka habari ya kisogo.

Hakucheka.

"Alama kama za darasani, shoga. Maksi."

"Mtihani nimefanya lini mimi?"

"Kila rejesho lilikuwa swali. Ulipochelewa, ukaandikiwa kosa. Na yale makubaliano yenu nayo yameandikwa. Kumaliza deni kunalifunga, hakulifuti. Linabaki miaka kadhaa kwenye kumbukumbu za wale wanaotunza taarifa za mikopo, wakopeshaji wengine wanaliona."

"Kwa hiyo ndiyo basi?"

"Omba ripoti yako kwao. Angalia kama wameandika umemaliza. Kama hawajaandika, peleka risiti warekebishe. Kisha kopa kidogo unachokiweza, lipa kwa siku yake. Ukikaa bila kukopa chochote, hawana jipya la kukuhesabia."

"Na chumba?"

"Chumba hicho kitaenda. Usijidanganye."

Nikamtazama. "Wewe haya umeyajulia wapi?"

Akaivuta futi, akaizungusha kidoleni.

"Ninazo hata mimi. Mbaya kuliko zako."

Mtu anayeshinda sebuleni kwangu kila siku, na mimi sijui.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie wewe? Si mtaa ungejua kabla ya adhuhuri?"



Chumba kilikwenda kweli. Ripoti yangu imerekebishwa, inasema deni limefungwa, lakini alama zinapanda kwa mwendo wa kinyonga. Mpaka leo mtu akiandika jina langu kwenye kompyuta, nywele zinanisimama.

Fundi kaniruhusu niandike haya, mradi nisimtaje jina. Wewe unayesoma, ukimaliza deni la makubaliano, usiridhike na neno la mdomo, fuatilia limeandikwaje. Na neno usilolielewa liulize pale pale dirishani. Ukienda nalo nyumbani litaota meno.

Siku ile ya chaki, fundi alikuwa ameshageuka kwenda kwake. Nikamwita.

"Unaenda wapi? Ingia tule. Leo hamna mtu ndani, ni mimi na wewe tu."