Mama Aliyeandikwa Mzima

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilirudi Unguja na masanduku ya vichupa vya kutilia damu, nikitafuta jibu la swali moja: ubongo ukikaa umevimba kidogo kidogo kwa miaka, bila maumivu, uvimbe huo ndio unaomlia mtu kumbukumbu zake? Kazi yenyewe ilikuwa kubisha hodi. Tunawauliza wazee maswali, tunawaandika wazima au wasahaulifu, tunawatoa damu tukalinganishe. Wasahaulifu tuliwapeleka pia kwa daktari, maana baadhi yao wana maradhi yanayotibika.

Nikaona tuanze nyumbani kwetu Mlandege, watu wasije wakasema nawachoma sindano mama za wenzangu tu. Mama alikuwa ameanza kutia chumvi kwenye chai. Kwa miaka nimejiambia kwamba sikujua, lakini nilijua.

Ilikuwa mchana wa Ramadhani. Muuguzi wangu, binti wa Makunduchi mwenye haya nyingi, alimwamkia.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Wazee hawajambo? Na huko shamba salama?"

Kwa salamu mama hakuwa na mpinzani. Ungemsikia ungeapa hana hata mafua.

"Bi, huu mwezi gani?"

"Mfunguo pili. Ramadhani tushaimaliza zamani." Akanigeukia. "Mbona mmemweka mgeni mkavu? Mpeni chai."

Muuguzi amefunga, mimi nimefunga, mtaa mzima umefunga. Kalamu yake ikasimama. Akanitazama mimi, mkubwa wake wa kazi na mwenye mama.

Nikacheka. "Anatania," nikasema. "Ndiyo mizaha yake hiyo."

Niliona aibu, basi. Sababu nyingine sina. Mganga hajigangi, watu wa barazani wangesema, nami sikutaka kusemwa. Yule binti hakuthubutu kunipinga mbele ya mama yangu. Akaandika kuwa amejibu sawa, na maswali yaliyobaki nikayajibu mimi kwa kumtangulia mama maneno. Akatolewa damu, akaandikwa mzima.

Miezi iliyofuata majirani zetu wawili walipelekwa kwa daktari, na mmoja alirudi anawataja wajukuu wake wote. Mama alibaki ndani, akiwauliza watoto wa watu kama baba kesharudi kutoka kazini. Baba alikuwa ameshakufa.

Majibu ya damu yalipotoka maabara, mwalimu wangu wa chuo, msimamizi wa utafiti, aliweka kidole kwenye mstari mmoja. Karatasi zilikuwa na namba tu, hakujua ni nani.

"Huyu bibi mmemwandika mzima," akasema, "lakini damu yake ina dalili za uvimbe kushinda wagonjwa wenu. Mrudieni mkamuulize upya."

Hapo nilipewa mlango wazi kabisa. Neno moja tu, na mama angepelekwa kwa daktari.

"Kichupa hicho kiliharibika njiani," nikasema. Nikachukua rula na kalamu nyekundu, nikapiga mstari juu ya mama yangu.