Michembe Niliyoitupa Ugenini

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, niliimalizia jikoni kwa kaka yangu Masanja, huko Ujerumani, nikifunga sanduku ili kesho yake nipande ndege kurudi Bariadi. Nimeshazika watu wengi tangu siku ile. Lakini aibu yake sijaweza kuizika.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeingia, wanunuzi binafsi wanakuja na mizani yao hadi vijijini. Mimi nilikuwa karani wa mmoja wao, napima pamba. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini nilikuwa na koti la mtumba na saa ya mkononi, nikajiona mtu wa mjini kabisa. Masanja, aliyekwenda kusoma akabaki huko, akaoa na kupata mtoto, akanitumia tiketi nikapumzike kwake wiki tatu.

Yapo mambo lazima uyajue hapa. Masanja alioa bila kuja kusema nyumbani. Mama, mayu kama tulivyomwita kwa Kisukuma, aliumia sana. Alisema, "Amejioza mwenyewe kama mtu asiye na kwao," na tangu hapo jina la Masanja hakulitaja. Hata barua zake zilipokuja, alinisikiliza nikisoma, kisha akainuka kwenda kuangalia kuku.

Asubuhi ya safari yangu akaniletea furushi la michembe, viazi vitamu alivyovikata na kuvianika juani, pamoja na karanga, vyote vimefungwa kwenye kitenge chake.

"Mpe Masanja," alisema. "Mwambie nimekata kwa mkono wangu. Na huyo mke wake ale. Wakishakula, waje."

Kwa mama yangu, hayo yalikuwa maneno mengi. Ndiyo ulikuwa msamaha wenyewe.

Nami nilifanya nini? Niliposhuka kwenye ndege nikaona watu wanavuta masanduku yenye magurudumu, wamenyooka, wananukia. Nikajitazama na kitenge changu kwapani. Nikaona shemeji yangu wa Kizungu atanicheka. Palikuwa na pipa la taka karibu na choo. Nikaangalia kushoto na kulia, nikalitumbukiza furushi humo. Na kwa kuwa nilitupa mzigo, ujumbe nao nikaumeza, maana ningeutoa ningeulizwa uko wapi huo mzigo.

Wiki tatu zile nilikula, nikatembezwa, nikapigwa picha. Shemeji, Karin, hakunicheka hata mara moja. Alijifunza kunisalimia "mwangaluka" kila asubuhi, ulimi ukimgonga, nasi tukicheka wote.

Siku ya mwisho Masanja hakwenda kazini. Alikaa kwenye kiti jikoni akinitazama nikipanga nguo.

"We Shija," akasema, "hilo koti utalivaa Bariadi na joto lile? Utaiva kama hindi la kuchoma."

"Acha niive," nikamjibu. "Wataniona."

Akacheka. Kisha akauliza kama mtu anayeuliza habari ya mvua, "Hivi mayu hakunitumia kitu?"

"Hapana."

"Hata michembe? Mayu huyu huyu? Mtu akienda Mwanhuzi tu anafungiwa chakula cha wiki nzima!"

"Uzee, kaka. Siku hizi anasahau sana."

Mwanangu, mama yangu hakuwa anasahau chochote. Nilimtukana mzazi wangu ili nisionekane mwongo.

Masanja akageukia dirisha. "Hajasahau," akasema. "Bado ana kinyongo. Nilikuwa nimeomba likizo mwezi wa saba niwapeleke Karin na mtoto nyumbani. Basi, ngoja tusubiri moyo wake upoe. Siwezi kumpeleka mke wangu akafungiwe mlango."

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu, na siku ilikuwa bado ndefu. Ningesema, "Kaka, nilitupa mimi, mama anakuita." Badala yake nikaendelea kuhangaika na zipu ya sanduku, ambayo wala haikuwa na tatizo.

Nilipofika nyumbani mama aliuliza neno moja. "Amekula?"

"Amekula, mayu. Amefurahi."

Akaanza kungoja. Alisiliba upya nyumba ya wageni. Mwezi wa saba ukapita, na mwingine kama huo mwaka uliofuata. Hakuuliza tena. Kabla ya mavuno ya tatu, akafa.

Masanja alifika tukiwa tumeshazika. Jioni, tumekaa msibani, shangazi yetu akamwambia mbele ya watu, "Mama yako alitusimulia kila siku ulivyokula michembe yake ukafurahi. Sasa mwanangu, ulikula halafu usije?"

Masanja akanitazama. Nikainamisha kichwa, naye akaelewa yote. Hakunifokea. Alisema kwa sauti ndogo, "Ungeniambia hata siku ile ya mwisho, Shija. Nisingekuuliza mzigo ulikwenda wapi." Akainuka akakaa na wanaume wengine.

Bado ananiandikia, ananisalimia vizuri, anawaulizia wanangu. Lakini akiwa na neno la nyumbani, humtuma mtu mwingine.

Kwa hiyo wewe unayesafiri, nakuomba. Ukitumwa na mzazi, usiupime mzigo kwa macho ya wageni, maana hujui umebeba nini. Na kama umekosea, sema kabla hamjaagana, hata kama sanduku limeshafungwa, hata kama utaonekana mpumbavu. Upumbavu wa siku moja husameheka. Mimi nilikataa kuonekana mpumbavu, na watu wawili waliopendana wakaachana wakidhani wamekataana.

Mungu akulinde njiani, akupe ulimi usioogopa kukiri. Akurudishe nyumbani uwakute wote wazima.