Siku ya koleo kule mlimani

Diploma yangu ya uhandisi wa maji niliipata hapa Bruseli, nikifagia ofisi alfajiri kabla ya masomo, bila mjomba wa kunishika mkono. Diploma hiyo ndiyo iliyonipeleka kufanya kazi kwenye milima ya Panama, ambako niliishi na mke wangu kabla hatujarudi Ganshoren, mtaa wetu hapa Bruseli.

Kijiji kile kilijaa wageni, wengi wao wazee wastaafu wenye bustani kubwa za maua. Kiangazi maji yalipungua, na kamati ya wenyeji ikatangaza kwamba nyumba isiyoleta mtu siku ya kusafisha chemchemi itafungiwa bomba. Majirani zangu wageni walituma watunza bustani wao. Mimi nilivaa buti.

"Papa, na diploma yote hii, alors unaenda kuchimba matope?" mke wangu alinicheka.

"Maman, hii ni salongo tu, kazi ya pamoja ya mtaa. Kwetu Bukavu tulikuwa tunafanya kila Jumamosi."

Mwenyekiti wa kamati aliponiona alisema, "Mhandisi, usije ukazirai hapa!" Nilichimba hadi vijana wake wakaomba kupumzika.

Jioni, mabomba ya wageni wengine yalikauka. Watunza bustani, wenyeji wa pale, walikuwa wamehesabiwa kwa nyumba zao wenyewe, si za waajiri wao! Wazee wakaja kwetu na ndoo, mke wangu akawapanga foleni.

"Nani alikuambia uende mwenyewe?" mmoja aliniuliza.

"Nilikulia kwenye kazi hiyo," nikamjibu.

Jumamosi iliyofuata walikuja wenyewe wote chemchemini, na kiongozi wao wa kuchimba nilikuwa mimi.